Sahihi ya Primitiva Ticona

Jumanne na Ijumaa, kabla jua halijapasua barafu ya madimbwini,
mama yangu huvaa marinda matatu, moja juu ya jingine,
na kila rinda lina kibindo chake:
cha kwanza fedha za Bolivia,
cha pili soli za Peru,
cha tatu hajanionyesha.

Mto Desaguadero hauna habari ya mpaka.
Hutoka ziwani polepole kama mtu asiyedaiwa.
Mabata wake hulala Peru, hutaga Bolivia,
na hakuna anayewauliza stakabadhi.
Sisi tunaulizwa.

Mayai upande wetu ni rahisi, ng'ambo ni ghali.
Siri yote ndiyo hiyo.
Waliosoma wameipa jina refu;
mama huiita "kuvuka."
Trei arobaini juu ya guta, nyasi kavu katikati,
yeye nyuma akisukuma, mimi mbele nikivuta,
na daraja likitutikisa kama linatafuta bovu.

Kabla ya kuuliza bei ya chochote
hutazama nyuso za wanawake wabadilisha fedha.
Wakicheka, boliviano imeshuka.
"Leo tuuze upesi," husema, "tununue mchele,
noti hizi zitalala nzima, ziamke nusu."

Kisha mwaka ule daraja likafungwa.
Mawe barabarani, matairi yakiwaka, siku kumi na tisa.
Mayai hayajui kungoja.
Tulikula ya kuchemsha, ya kukaanga, ya supu,
hata mdogo wangu Wilder akaanza kuwaogopa kuku.
Baba akasema, "Si nilikwambia?"
Hakuwa amemwambia kitu.

Upatu kwetu huitwa pasanaku:
wanawake kumi na wawili, kofia moja, vikaratasi kumi na viwili.
Mwezi ule kura ilimwangukia Casimira Apaza,
ambaye paa lake lilikuwa likivuja juu ya kitanda.
Alikitazama kikaratasi chake.
Akakigeuza upande mtupu, akamsogezea mama.
"Andika jina lako."
"Sijui kuandika, Casimira, wajua."
"Basi chora trei."

Mama akachora duara, akaanza kutia nukta,
moja moja, ulimi kwenye pembe ya mdomo,
na wanawake kumi na mmoja wakangoja nukta thelathini
bila hata mmoja kukohoa.

Tulianza tena na trei sita.
Paa la Casimira lilivuja msimu mzima;
mama alimpelekea beseni, kisha bati, kisha misumari,
na kila mwezi mayai, hadi Casimira akamwambia basi, inatosha.

Juzi, forodhani, afisa mgeni, kijana, glavu mpya:
"Mali ya nani hii?"
Kwa miaka kumi na minne mama alijibu, "Ya mume wangu,"
kwa kuwa jibu hilo lilipita haraka.
Nilimsikia akivuta pumzi. Hewa huku juu ni chache.
"Yangu."
Kijana akamsukumia fomu. Kisanduku cha sahihi
kilikuwa kidogo kama ukucha;
nukta zilikijaza, zikamwagika pembezoni.
"Hii si sahihi, mama."
"Ni sahihi yangu," akasema, "na ni sahihi. Hesabu."

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu.
Alihesabu. Niliona midomo yake ikitembea.
Ishirini na nane, ishirini na tisa.
Akagonga muhuri.

Nyumbani nilimsomea baba ile fomu kwa sauti:
mwenye mali, Primitiva Ticona.
Akaichukua, akaishika karibu na taa,
akaitazama kwa muda mrefu kuliko maneno yake yalivyohitaji.
Hakusema kitu.
Akatoka nje, gizani,
nasi tukasikia pampu:
anajaza upepo gurudumu la nyuma,
lile ambalo tangu Pasaka
mama alikuwa akimwomba.